Mwalimu Hachekwi

Jericho, Nairobi
20 Januari 1980

Dada Wakiuru,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kile kiti chako cha kamba ulichokataa kuhama nacho. Bado kinauma. Mama yangu ameniandikia kwamba mwalimu Mkikuyu aliyeletwa shule ya wasichana ya Kimilili anakula ugali wa wimbi bila kulalamika, nikajua ndiye wewe. Wewe hulalamiki ukiwa unakula. Hulalamika baadaye.

Sasa nikupe habari. Likizo yangu ya masomo imeanza, mwaka mmoja, hadi Desemba, na nimeambiwa wazi kwamba sitapewa nyingine. Nisipomaliza utafiti wangu narudi kwenye chaki nilivyotoka, na hiyo digrii ya pili nitaisikia kwa wenzangu.

Nilimpelekea Dakta Kahin, msimamizi wangu pale Chuo Kikuu, kurasa zote nilizoandika kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza ngoma. Unajua ninavyofundisha: mistari, filimbi, hesabu, anayekosea anarudi mwanzo. Makombe ya mashindano ya shule yako kwenye kabati la hedimasta, si maneno matupu. Dakta akasoma, akavua miwani, akaniambia, "Mwalimu Nangila, hapa umenieleza watu wanavyojifunza kwako. Wewe mwenyewe unajifunzaje?"

Wakiuru, swali hilo sikuwahi kujiuliza. Nimefundisha watu kucheza tangu nilipokuwa msichana, na sikumbuki nilivyojifunza hata ngoma moja. "Basi," akasema, "tafuta ngoma usiyoijua. Uwe mwanafunzi, uandike yatakayokupata. Hiyo ndiyo kazi yako ya mwaka huu."

Nimefikiria ile gitiiro ya kina mama wenu, ile wanayoimba na kucheza harusini na wakienda kumwona mtoto mchanga. Mama yako na wenzake wa Bahati hukutana kila Jumamosi nyuma ya kanisa. Niombee nafasi kwake. Mwambie nitakuwa mwanafunzi mtiifu.

Wako,
Nangila


Bahati, Nairobi
24 Februari 1980

Wakiuru mama,

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida, si unajua shule yangu ilikuwa Pumwani, na Kikuyu cha kuandika kinanishinda mpaka leo. Sisi tuko wazima. Cherehani ilikuwa imegoma lakini fundi mmoja wa Gikomba ameirudisha kazini.

Rafiki yako amekuja Jumamosi zote tangu uliponiomba nimpokee. Ni mtu mzuri sana. Anafika kabla yetu, na hajawahi kuja mikono mitupu, mara mkate, mara sukari. Lakini ni mwalimu, mama. Mwalimu kabisa. Siku ya kwanza tulisimama tu ovyo vile tunasimamanga, yeye akasema, "Samahani kina mama, sioni vizuri. Mngesogea kidogo mkakaa mstari?" Tukakaa mstari. Tungekataaje? Mtu amesoma hivyo, na amekuja kwetu na miguu yake.

Halafu akauliza, ngoma inaanza na mguu gani? Tukatazamana. Mimi nimecheza miaka hii yote na sijawahi kujua mguu. Jecinta, unamjua hawezi kunyamaza, akasema, "Wa kulia, Mwalimu," kwa sababu kulia ndiko kwa heshima. Mwalimu akaandika. Sasa sisi wote tunaanza na wa kulia. Akauliza, mnarudia wimbo mara ngapi ndio mgeuke? Nikasema nne. Sijui hiyo nne niliitoa wapi. Akaandika pia.

Kwa hivyo siku hizi tunakutana Ijumaa jioni, sisi wenyewe, tukubaliane majibu ya Jumamosi, tusimwaibishe mbele ya karatasi zake. Na ile ya kumwimba mtu akikosea, kumcheka kwa wimbo, tumeiweka kando. Utamwimbaje Mwalimu? Anakosea, tena sana, ana mgongo kama mlango. Lakini sisi tunamwambia, "Vizuri, Mwalimu, vizuri." Ukiona vile anafurahi utamhurumia. Usimwambie.

Mama yako,
Wangu


Jericho, Nairobi
9 Machi 1980

Dada Wakiuru,

Kumbe mimi ni mwanafunzi hodari! Najisifu mwenyewe, kwani hapa Jericho ni nani atakayenisifu?

Wenzangu Chuoni wanalia kwamba wakienda kuuliza watu maswali hawapati jibu linaloshikika. Mimi napata jibu kila Jumamosi. Nikiuliza, kina mama wanatazamana kidogo, halafu mmoja anajibu na wengine wote wanatikisa kichwa kukubali. Nimeandika kwamba hii ni dalili ya ujuzi unaomilikiwa na kundi zima, si mtu mmoja. Dakta Kahin amepiga mstari chini ya sentensi hiyo. Hapigi mstari ovyo, yule.

Na je, ulijua kwamba gitiiro huanza na mguu wa kulia? Umekulia ndani yake na hukuwahi kuniambia. Wanacheza kwa mistari miwili, wanarudia mara nne, wanageuka. Ni karibu sana na vile ninavyowafundisha watoto wangu, na hilo limenipa wazo kubwa: huenda ngoma zote za wanawake, ukichimba hadi chini, zina mpango mmoja, na mwalimu mzuri huufikia hata bila kuambiwa. Nimeanza sura nzima juu ya hilo.

Kuhusu ninavyojifunza, nimeandika hivi: najifunza kwa kutazama na kuuliza, upesi, bila makosa mengi. Hawajanirekebisha hata siku moja. Nashangaa mwili huu wa miaka arobaini ulivyo mwepesi.

Jambo moja dogo. Jumamosi iliyopita nilifika nikawasikia wakicheka kule nyuma ya kanisa, kicheko cha kushika mbavu. Nilipotokea kwenye kona wakanyamaza, wakapanga mstari. Nilitamani sana kujua kilichowachekesha. Nikaona si adabu kuuliza.

Nisalimie mama yangu huko Kimilili. Mwambie asikupe kuku kila Jumapili, atawamaliza.

Nangila


Kimilili
16 Machi 1980

Mama,

Natumaini cherehani inakwenda na magoti hayakusumbui.

Mama, nyinyi mnamfanyia nini rafiki yangu? Nimepokea barua yake juzi. Nilianza kwa kucheka hadi mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta, halafu nikaogopa. Yale mnayotunga Ijumaa anayapeleka Chuo Kikuu Jumatatu. Ameandika kuhusu mguu wa kulia. Ameandika kuhusu ile nne yako. Siku moja atasimama mbele ya watu wanaojua, na watakaocheka hawatakuwa watu wa kumpenda.

Si husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Nyinyi mmempa chai, mmempa kiti, mmempa majibu. Jembe mmelificha. Mwambieni, au mwimbeni kama mlivyoniimba mimi nilipoolewa. Sikufa.

Najua utasema mimi ndimi rafiki yake, nimwambie mimi. Nimejaribu leo asubuhi, kalamu ikakataa.

Binti yako,
Wakiuru


Kimilili
16 Machi 1980

Dada Nangila,

Hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mama anakusifu sana, anasema hujawahi kwenda mikono mitupu.

Huku mvua imeanza na njia zote ni matope. Mama yako amenipa gamboti za marehemu baba yako. Zinanipwaya, wasichana wa darasa la pili wanasema natembea kama bata, na wanasema nikiwa nasikia. Watu wa kwenu hawana haya. Nimeanza kuwapenda.

Labda nikushauri kitu kimoja, usinielewe vibaya. Siku moja nenda bila kalamu. Simama tu huko nyuma, ucheze. Kina mama wetu ni watu wa heshima, na wakati mwingine heshima inazidi. Sijui ninasema nini. Nina madaftari ya kusahihisha hadi darini.

Wako,
Wakiuru


Jericho, Nairobi
4 Mei 1980

Dada Wakiuru,

Ushauri wako wa kwenda bila kalamu niliujaribu. Nilijihisi kama mtu aliyetoka nje na kamisi tu. Chai ilipoletwa nilikuwa nimekwisha kuazima penseli kwa mtu.

Lakini sikia hili. Dakta Kahin ameridhika. Tarehe 21 Juni kina mama watakuja Chuoni kucheza ukumbini mbele ya walimu wote, na mimi nikiwa ndani ya mstari pamoja nao, halafu nitasoma sura yangu. Atakuwepo na mtahini, Bi Lenah, mtu wa Murang'a aliyezikuta ngoma hizi kwa nyanya yake. Bi Lenah akikubali, sehemu ngumu ya digrii imekwisha, na Desemba hainikuti na deni la kazi. Wanasema vyuo vya ualimu vinatafuta watu wa kufundisha ngoma, watu wenye digrii ya pili, na sasa hivi hakuna hata mmoja. Nisikilize ninavyoota mchana!

Mama yako anawashonea wote vitambaa vya kichwa, rangi moja, manjano. Kitambaa nimekinunua mimi. Nilipowaambia habari ya Chuo wote walitazama viatu vyao. Jecinta akaomba kwenda kunywa maji. Nadhani waliguswa, maana ni nani aliyewahi kuwaalika watu hawa mahali kama pale?

Sijawa na furaha namna hii tangu siku niliyopata cheti cha ualimu. Ningependa uwepo.

Nangila


Bahati, Nairobi
18 Mei 1980

Wakiuru mama,

Ulinikasirikia kwa barua ile ya mwezi wa tatu, na mimi nikakukasirikia, nikasema mtoto wa juzi ananifundisha adabu. Nimekuwa na muda wa kufikiria. Sasa sikia kilichotupata.

Jumamosi ilikuwa harusi ya Muturi, kijana wa Jecinta. Tukaitwa tuimbe. Tukaingia uwanjani, na Wakiuru, tulisimama mistari miwili. Hakuna aliyesema. Mguu wa kulia, mara nne, geuka. Nilijaribu kutoka kwenye mstari nisimame vile nilikuwa nasimama zamani, mwili ukakataa, ukarudi penyewe. Nyanya yake Muturi ametoka Kangema, mzee sana, anatembea na fimbo. Akaja katikati akauliza kwa sauti, "Hii ni gitiiro ama ni gwaride la polisi?" Watu walicheka mpaka pasta.

Halafu akaniimba. Mimi, niitwaye Wangu. Akaniimba kwamba nimezeeka kabla ya mama yangu. Nilipaswa kumjibu palepale, unajua, ndio ngoma yenyewe. Miezi hii yote sijaimbwa na sijaimba mtu, ulimi umelala. Nilitabasamu kama mgeni.

Mimi sikuzaliwa na ngoma hii. Nilikuwa msichana wa Pumwani, nikaolewa Kangema, nikaimbwa na wanawake wa huko mpaka nikajua. Ilinigharimu machozi. Sasa naipoteza kwa sababu ya adabu, na hii safari ya Chuo Kikuu inakuja, na Mwalimu ameshanunua kitambaa. Mwambie. Mimi nimejaribu, lakini akiniangalia na ile furaha yake maneno yananirudi tumboni.

Mama yako,
Wangu


Kimilili
25 Mei 1980

Dada Nangila,

Ukiwa umesimama, keti.

Gitiiro haina mguu wa kuanzia. Mguu wa kulia ulitoka kwa Jecinta, kwa sababu uliuliza na ikawa ni aibu kukuacha bila jibu. Ile nne ni ya mama yangu, na hajui aliitoa wapi. Mistari ni yako mwenyewe, uliwapanga siku ya kwanza. Kila Ijumaa walikuwa wanakutana kukubaliana watakachokujibu kesho yake. Wazo lako kubwa kwamba ngoma yao inafanana na mafundisho yako ni kweli, dada, kwa sababu ulikuwa unawafundisha.

Nimejua tangu Februari. Mama alinikataza kukwambia, lakini mimi ni mtu mzima, sitajificha nyuma ya kanga yake. Barua zako zilikuja na furaha nyingi nami niko mbali na kwetu, nikapenda kuzipokea. Hilo ndilo la kweli, na linanitia haya.

Ngoma yenyewe iko hivi. Kila mtu anasimama anapotaka. Ukikosea, unaimbwa, kwa jina lako, mbele ya wote, na wewe lazima ujibu kwa wimbo. Nilipoolewa niliimbwa kwamba ninapiga makofi kama mtu anayefukuza kuku. Nililia. Wiki iliyofuata nikarudi na jibu langu kuhusu meno ya Jecinta, na makofi yalikuwa yamejirekebisha, usiniulize vipi. Hakuna mtu aliyenionyesha. Mficha uchi hazai, na sisi tumekuwa tukikufunika mablanketi tangu mwaka uanze.

Wewe hujaimbwa hata mara moja. Ulidhani ni kwa sababu hukosei. Ni kwa sababu mwalimu hachekwi. Walikuwa wanakucheka, Nangila, lakini kabla hujafika, na ndicho kicheko ulichokisikia.

Bi Lenah atajua kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Usiende naye ukumbini.

Nisamehe ukiweza.

Wakiuru


Jericho, Nairobi
8 Juni 1980

Wakiuru,

Barua yako niliipokea Jumanne. Niliisomea nje ya posta, huku watu wakinipita. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimempelekea Dakta sura nzima ikiwa imepigwa chapa.

Kwa hiyo wewe na mama yako mmekuwa mkiniangalia kama watu wanaomwangalia mtoto aliyevaa viatu vya babake. Jecinta hakuniahidi kitu, simlaumu. Wewe tulilala kitanda kimoja chuo cha ualimu, na ukaniandikia habari za gamboti.

Kiti chako nimempa jirani. Sitaandika kwa muda.

Nangila


Bahati, Nairobi
20 Julai 1980

Wakiuru mama,

Umeniuliza habari ya rafiki yako mara nyingi na sikuwa na ya kukupa. Sasa ninayo, na sijui ni nzuri ama ni mbaya.

Ile safari ya Chuo haikuwa. Alikwenda mwenyewe kwa huyo Dakta wake akachukua karatasi zake, akasema si kweli, akaomba siku ifutwe. Alituma mtoto wa shule atuletee habari, yeye hakuja. Tukakaa na vitambaa vyetu vya manjano. Nilimwona siku moja karibu na korti za Makadara, nikamwita, akavuka barabara. Labda hakusikia.

Jana akatokea nyuma ya kanisa. Hana mfuko, hana kalamu, hana mkate. Sisi tukaanza kupanga mstari, mazoea, na yeye akasema, "Kina mama, msinipangie." Basi tukasimama ovyo. Hata sisi ilikuwa kazi, kila mtu anatafuta mahali pake pa zamani kama mtu aliyehamishiwa nyumba mpya. Tukaanza. Akakosea. Jecinta akaniangalia, mimi nikafumba macho kidogo, kama kusema, haya, mwimbe.

Akaimba, "Mwalimu ana digrii ya kichwa, lakini kiuno chake hakijaandikishwa shule ya nasari!" Na wote wakaitikia, na mimi nikaitikia, na kusema ukweli nilisikia raha, ulimi wangu uliamka.

Nilidhani Mwalimu atacheka. Uso ulibadilika, mama. Alisimama akituangalia mmoja mmoja. Halafu akaondoka, hakuaga mtu, na baridi hii ya Julai aliacha koti lake kwenye ukuta. Liko hapa kwangu, nimelipiga pasi. Niambie, tumefanya vizuri ama tumeharibu?

Mama yako,
Wangu


Jericho, Nairobi
14 Septemba 1980

Dada Wakiuru,

Umeniandikia mara kwa mara bila kujibiwa, na hukuchoka. Asante. Kiti chako nilikifuata kwa jirani. Alikuwa amekizoea, ikabidi nimwachie sufuria.

Siku ile nilipoimbwa nilitembea kutoka Bahati hadi hapa bila kuhisi baridi. Watoto wa estate yetu wakanisalimu, "Niaje, ticha!" nami nikaona hata wao wamekwisha kupata habari za kiuno changu. Nilikuwa nimejiambia kwamba niko tayari. Nilikuwa nimelia, nimemwambia Dakta ukweli, nimeacha kalamu nyumbani, nikajiona shujaa. Mtu wa kwanza aliponicheka nilimchukia. Simaanishi kwamba niliudhika. Nilimchukia Jecinta kama mtu aliyeniibia, na mama yako nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa na raha.

Nilikaa nyumbani wiki kadhaa. Sasa nikueleze kitu ambacho sijamweleza mtu. Nilikuwa nikisonga ugali, au nikifua, na kiuno kinaanza chenyewe, kinatafuta mahali kilipokosea. Mimi nimekasirika, na kiuno kiko darasani! Nikajikuta pia nikitafuta maneno. Nilimwuliza Mama Gichuru wa mlango wa pili jinsi ya kusema kwa Kikuyu kwamba mtu ana mdomo usiofungika. Akanipa njia nyingi, hata ambazo sikumwomba. Nilizirudia jikoni kama mtoto anayekariri kwa ajili ya mtihani.

Nikarudi. Waliniimba tena, tena vibaya kuliko mara ya kwanza, safari hii ni mama yako mwenyewe. Aliimba kwamba nacheza kama mtu anayebeba mayai ya jirani. Nikamjibu. Nikamjibu yeye, nikamgeukia na Jecinta, nikasema mdomo wake ukifunguka Bahati watu wa Kaloleni wanaanika nguo wakidhani ni upepo. Kikuyu changu kilikuwa na madonge kama uji uliopikwa na mwanamume. Makofi yakakoma. Nikajua nimevunja heshima, nimekwisha. Halafu mama yako akapiga kigelegele, na Jecinta akaja, akanishika mabega, akanisukuma mahali palipokuwa wazi kati yao, na nikacheza. Sijui nilicheza nini. Nikijaribu kuandika, kinaniponyoka.

Sasa mambo ya Chuo, usije ukadhani ukweli hulipwa hapohapo. Dakta Kahin hakunipongeza. Alisema nimepoteza nusu ya mwaka, na ni kweli. Nimeomba muda zaidi wa likizo, nimekataliwa. Januari narudi darasani. Amekubali niendelee kuandika jioni nikishatoka kazini, na digrii ikija itakuja imechelewa, au isije. Ile nafasi ya chuo cha ualimu itakuwa imechukuliwa na mwingine. Linaniuma, sikufichi. Kuna asubuhi naamka nikitamani usingeniambia kitu, nikasome sura yangu ya uongo, nikabahatike.

Swali lake hata hivyo nimelijibu. Sura mpya ina sentensi moja hadi sasa: "Najifunza nikichekwa, na sipendi." Dakta aliisoma akauliza nyingine ziko wapi. Nikamwambia Jumamosi moja haitoshi.

Mama yako bado ananiita Mwalimu wakati wa chai. Ngoma ikianza ananiita mengine, sitayaandika.

Nimekusamehe, nadhani. Nilidhani kusamehe kutakuwa kama kufunga mlango, kumbe ni kama kujifunza, kila wiki narudia. Lakini kuna kitu nataka kwako. Umenijua tangu tukiwa wasichana, umesoma barua zangu zote, umeniona kazini na nyumbani. Hakuna mtu anayejua makosa yangu kuliko wewe. Niandikie ni lipi jingine ninalokosea ambalo watu wameamua kulinyamazia kwa kunistahi. Andika yote, usipake asali. Nitakasirika, na huenda nikanyamaza tena kwa muda.

Wewe andika tu.

Nangila